Tuanzie Barabara ya Moi, si Berlin

Nilisoma falsafa ya historia katika mwaka wa tatu wa shahada yangu ya kwanza, katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, na kwa wiki tano za mwanzo hatukutoka Ujerumani. Mhadhiri alitufafanulia kwa uaminifu mihadhara aliyoitoa Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani, jijini Berlin miaka ya 1820: jinsi alivyoiona historia kuwa safari ya roho ya ulimwengu kuelekea uhuru, na jinsi alivyoitoa Afrika katika safari hiyo, isipokuwa Misri, ambayo aliihusisha na Asia. Tuliyanakili hayo daftarini bila hata kukasirika, kwa kuwa yangetoka katika mtihani. Sitaki Hegel aondolewe. Nasema tu kwamba somo linalouliza tunajuaje yaliyopita, likifundishwa Nairobi, lingefaa kuanzia kwenye ushahidi ulio karibu nasi, kisha ndipo Hegel aitwe kujibu maswali.

Makavazi ya Kitaifa yapo Barabara ya Moi, katika jengo lililokuwa benki zama za ukoloni, na wakazi wengi wa jiji hulijua kama mahali pa kukutania kabla ya kwenda kupanda matatu. Ndani yake mna nyaraka nyingi, lakini mwanafunzi wa falsafa ya historia angeanza kwa kuuliza ni zipi hazimo. Utawala wa Kiingereza ulipokuwa ukifunga virago, maofisa wake waliagizwa wasiiachie serikali mpya karatasi ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Malkia. Nyingine zilichomwa, nyingine zikasafirishwa hadi Uingereza, na kuwapo kwake hakukukiriwa hadharani hadi mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walioteswa kizuizini enzi za Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipambana na Mau Mau, walipokuwa wameishtaki serikali hiyo mahakamani London. Zilipatikana takriban faili 8,800 kutoka makoloni 37, zikiwa zimewekwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228.

Mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru wetu, Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Oxford, alisema katika mihadhara yake kwamba huenda siku moja kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundisha, lakini kwa wakati huo ilikuwapo historia ya Wazungu barani Afrika tu, na yaliyobaki yalikuwa giza. Sidai kwamba alijua habari za faili zile. Hata hivyo, mwanafunzi anayeyasoma mambo haya mawili kwa pamoja ataelewa kwa siku moja jambo ambalo mimi nililielewa baada ya kuhitimu, yaani kwamba ukimya wa nyaraka nao una watu walioutengeneza.

Lipo jambo linalonisumbua zaidi. Caroline Elkins, mwanahistoria wa Marekani, alipochapisha mwaka 2005 utafiti uliotegemea sana mahojiano na walionusurika katika kambi za kizuizini za Kenya, baadhi ya wenzake walimlaumu kwa kuyaamini mno masimulizi ya mdomo. Karatasi zilipojitokeza, kesi ilipata nguvu mpya. Kwa nini maneno ya mwanamke aliyepigwa yasubiri barua ya ofisa aliyeamuru apigwe? Mwanahistoria wa Kenya Bethwell Ogot alikwisha kulikabili swali la namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu Waluo, alichokijenga juu ya mapokeo ya simulizi wakati wengi walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Katika muhula wetu Ogot alipewa nusu saa.

John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya, naye hakutajwa kabisa, ingawa ndiye aliyechukua maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, mwaka 1969, akayafanya istilahi za falsafa. Kwa maelezo yake, marehemu anayekumbukwa kwa jina na watu waliomjua bado yumo katika Sasa. Akifa wa mwisho kati yao, naye huzama katika Zamani. Alidai pia, kwa kuchunguza vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, kwamba wakati ujao wa Mwafrika haupiti miaka miwili hivi. Dai hilo limepingwa sana, na mimi silikubali, maana mkulima wa Pwani apandaye mnazi hatarajii kuangua nazi mwaka kesho. Lakini hebu fikiria mjadala ambao darasa lingeufanya, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo ndani yake neno tarehe, kabla ya kubanwa kuwa siku ya kalenda, ilikuwa pia historia yenyewe, na ambayo watu wa Lamu waliandikia kumbukumbu za mji wao wakaziita habari.

Najua nitaambiwa kwamba mwanafunzi wa namna hiyo atashindwa kuzungumza na wenzake wa ng'ambo. Sioni kwa nini, ikiwa maswali yake ni yale yale na ushahidi anaufahamu vizuri zaidi.

Nyanya yangu aliishi katika kimoja cha vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, ambako Wagikuyu walihamishiwa kwa nguvu kuanzia mwaka 1954. Alinisimulia mara nyingi jinsi walivyochimba handaki lile kwa zamu, na mimi sikuandika hata sentensi moja, kwa sababu nilifundishwa kwamba rejeleo ni karatasi. Amekwisha kufariki. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati ule, leo amepita 90, na likizo ndefu ya vyuo ingetosha kabisa kumpeleka mwanafunzi Murang'a au Nyeri, akiwa na simu ya kurekodia na mtu wa kumjulisha kwa wazee.