Tusi la Tan: je, usemi una makao yake kichwani?

Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre nje kidogo ya Paris, daktari Paul Broca aliletewa mgonjwa mwenye mguu uliooza. Jina lake lilikuwa Leborgne, lakini wodini walimwita Tan, kwa kuwa kila alipoulizwa jambo alijibu "tan, tan". Alikuwa amelazwa humo miaka 21. Aliyoambiwa aliyaelewa kwa sehemu kubwa. Watu wakishindwa kumwelewa yeye, hasira ilimpanda, na hapo tusi zima lenye jina la Mungu ndani yake lilimtoka bila kukwama.

Siku chache baadaye alifariki. Broca alipofungua fuvu alikuta kidonda upande wa kushoto, sehemu ya mbele, nyuma ya kipaji. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaongeza sehemu ya pili, juu ya sikio la kushoto: ikiumia, mgonjwa humwaga maneno mfululizo yasiyo na mshiko, na asemalo mwenzake halimwingii. Ramani ikakamilika. Mbele pa kutamka, nyuma pa kuelewa, na katikati nyuzi za neva za kupitisha habari.

Wanaoitetea ramani hiyo wana hoja. Mtu akianguka kwa kiharusi, mkono wa kulia umelegea na maneno hayatoki, daktari hahitaji kubahatisha ni upande upi wa ubongo ulioathirika. Kwa takribani watu wote wanaotumia mkono wa kulia, lugha imeegemea kushoto. Mwaka 1906 Pierre Marie, Mfaransa mwenzake Broca, alidai kwamba sehemu ile ya mbele haina kazi yoyote ya pekee katika lugha. Hapo naona alivuka mpaka.

Lakini wapinzani wana ushahidi mzito zaidi. Broca hakuukata ubongo wa Tan, aliuhifadhi mzima. Mwaka 2007 mtafiti wa ubongo Nina Dronkers na wenzake waliupiga picha kwa mashine ya MRI, inayoonyesha ndani bila kupasua, na kukuta kidonda kimezama mbali kuliko Broca alivyoweza kuona kwa macho, kikaharibu hata nyuzi zinazounganisha mbele na nyuma. Tena, mtu akiumia sehemu ile ya mbele, iitwayo sehemu ya Broca, peke yake, mara nyingi usemi humrudia baada ya wiki au miezi. Kisha kuna lile tusi. Kama mashine ya kutamka ilikuwa imekufa, lilitokea wapi? Waliobobea hujibu kwamba maneno ya mazoea, kama matusi, sala na kuhesabu moja mbili tatu, hupita njia nyingine. Sawa, ila basi hizo ni njia kadhaa, si chumba kimoja.

Mimi huyumba zaidi ninapoifikiria lugha yetu. Vitabu vingi huueleza ugonjwa wa Broca, yaani kuharibikiwa usemi kama Tan, kwa mfano wa Kiingereza: mgonjwa hudondosha vineno vidogo na kubakiza maneno makubwa. Sasa chukua "hatutawapikia". Ukanushi, sisi, wakati ujao, wao, kupika, kwa ajili yao, vyote vimeshonwa katika neno moja. Mgonjwa wa Kiswahili adondoshe nini hapo? "Pik" si neno, wala hakuna Mswahili aliyewahi kulitamka peke yake. Kwa Kiebrania, ambako mzizi mtupu nao hautamkiki, ilionekana kwamba wagonjwa hawaachi viambishi. Huweka kimoja mahali pa kingine. Kidonda ni kilekile, sura ya ugonjwa ni nyingine. Kwa hiyo naegemea kwa wanaosema lugha ni mtandao wa sehemu nyingi za ubongo, huku nikimwachia daktari wa dharura ramani yake ya zamani, maana yeye ana dakika chache tu.

Broca alikuwa na mgonjwa wa pili, mzee Lelong, aliyebakiwa na maneno matano tu. Moja lilikuwa "tois", yaani "tatu" kwa Kifaransa kilichovunjika, na alilitumia kwa kila hesabu. Alipoulizwa ana watoto wangapi alijibu "tois", huku akiinua vidole vinne.