Maji Kutakata Si Maji Kuwa Salama

Hivi karibuni nilisikiliza wasilisho kuhusu mtambo wa kusafisha majitaka ya kiwanda cha nguo, na hasira yake haijanitoka. Mtoa mada alinyanyua chupa mbili, moja ina maji mekundu na nyingine maji meupe pe, akatangaza kwamba rangi imeondolewa kwa zaidi ya asilimia 90. Ukumbi ukapiga makofi na mjadala ukafungwa, pasipo hata mmoja kuuliza ile rangi imegeuka kuwa nini.

Rangi nyingi za nguo ni za kundi la azo, na wekundu wake unategemea kifungo cha atomu mbili za nitrojeni. Kifungo hicho kikikatwa, rangi hutoweka. Kinachobaki ni amini aromatiki, yaani vipande vya kemikali ya rangi visivyo na rangi ile, na baadhi yake, kama vile benzidini, zimethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Bakteria wa mazingira yasiyo na oksijeni hukata kifungo hicho ndani ya matangi ya mtambo, katika tope la mto na hata katika utumbo wa mtu. Kwa hiyo inawezekana kabisa mtambo ukapokea sumu inayoonekana na kutoa sumu kali zaidi isiyoonekana, kisha ukasifiwa kwa kazi hiyo.

Wala si habari mpya. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji Ludwig Rehn, huko Frankfurt, aliripoti uvimbe wa kibofu cha mkojo miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mwaka 2002 nguo zenye rangi za azo zinazoweza kutoa amini za aina hiyo kupita miligramu 30 kwa kilo. Vizuri sana, mvaa shati amelindwa. Anayeteka maji chini ya kiwanda ajitegemee.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba vipimo vipo. Kipimo cha Ames hutumia bakteria wa Salmonella wasioweza kujitengenezea histidini, kirutubisho wanachokihitaji ili wakue, na kadiri wanavyorudia uwezo huo kwa kubadilika jeni, ndivyo tunavyojua kwamba sampuli inaharibu vinasaba. Ila kipimo hicho kikifanywa kwa utaratibu wa kawaida, rangi nyingi za azo hupita bila kugundulika, kwa kuwa kifungo chao hakikukatwa; ndiyo maana mwaka 1982 Prival na Mitchell walichapisha utaratibu unaotumia dondoo ya ini la panya aina ya hamsta pamoja na flavini, kemikali inayosaidia kukata kifungo hicho, ili kukata kwanza na kupima baadaye. Anayeleta ripoti ya Ames bila kueleza ametumia utaratibu upi, hajaniambia kitu.

Kwa asiye na maabara kubwa kuna kitunguu maji. Mizizi yake huoteshwa katika sampuli, ncha zikakatwa, zikatiwa rangi (ndiyo, uharibifu wa rangi tunauona kwa msaada wa rangi), zikabonyezwa chini ya kioo cha hadubini. Kitunguu kina kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 16 kubwa kubwa, kwa hiyo dalili za kuharibika kwake, kama daraja kati ya nusu mbili za seli inayogawanyika, au kipande kilichoachwa nje kikawa kiini kidogo cha pembeni, huonekana waziwazi kwa mtu aliyefundishwa kuangalia.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuondoa rangi kuna faida yake, maana maji meusi huzuia mwanga usiifikie mimea ya majini, na rangi nyingine si sumu kali hivyo. Wanaotukimbiza kwenye rangi za asili nao watuambie kwanza shaba na kromu za kushikizia rangi hizo zitamwagwa wapi.

Hata hivyo, katika Mto Cristais, jimbo la São Paulo nchini Brazili, watafiti walikuta uwezo wa kubadili jeni kwenye maji yaliyopokea majitaka ya kiwanda cha rangi, na pia kwenye maji ya kunywa yaliyokwisha kusafishwa. Ndiyo sababu nadai kila ripoti ya mtambo ije na Ames, kitunguu na viroboto maji wa Daphnia (wadudu wadogo wa majini wanaotumika kupima sumu), kabla na baada ya kusafisha, na tope lililobaki nalo lipimwe vivyo hivyo kabla halijapakiwa kwenye lori.