Sheikh akigeuka jicho la polisi

Je, viongozi wa dini na wazee wa mila wanaweza kuwazuia vijana wasiingie kwenye ugaidi? Mwaka 2002 Jaji Hamoud al-Hitar wa Yemen aliingia gerezani kujadiliana na wafungwa walioshukiwa kuwa wafuasi wa al-Qaeda. Aliwawekea sharti: mkitushinda kwa Qurani, tutajiunga nanyi; tukiwashinda sisi, mnaweka silaha chini. Mamia waliachiwa. Kufikia 2005 mpango ulikuwa umekufa, na habari zikazagaa kwamba baadhi yao wameonekana vitani Iraq.

Wapo wanaoitumia Yemen kama ushahidi kwamba mihadhara haizuii mabomu. Sikubaliani nao moja kwa moja. Anayeua kwa jina la Mungu hatamsikiliza waziri wa mambo ya ndani. Atamsikiliza, akitaka, mtu anayeijua aya ileile na sababu ya kushuka kwake. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, iliwahoji waliojiunga na makundi yenye itikadi kali barani Afrika, na ripoti yake ya 2017 inasema 57% walikiri kwamba maandiko ya dini hawayaelewi, au wanayaelewa kidogo tu. Waliosoma dini kwa angalau miaka 6 walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kujiunga.

Lakini ripoti hiyohiyo ina takwimu chungu zaidi: 71% walitaja hatua ya serikali, ikiwemo kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndiyo iliyowasukuma. Kijana ambaye kaka yake alichukuliwa usiku na watu wasio na sare hana swali la fikihi. Anauliza kaka yake yuko wapi. Sheikh anayemjibu kwa hadithi ya subira, kisha akaonekana kesho yake akishuka kwenye gari la polisi, amekwisha.

Serikali nazo zina hoja. Kiongozi wa dini aliyesikia mpango wa shambulio hana haki ya kunyamaza. Shida huanza anapotakiwa kuripoti hata hasira. Uingereza, tangu 2015, sheria inawabana walimu na wahudumu wa afya washiriki katika Prevent, mpango wa serikali wa kuwazuia watu wasivutwe kwenye ugaidi, na Waislamu wengi huko wanauona ni upelelezi uliovishwa joho la malezi.

Mila nazo zisipambwe mno. Saudi Arabia iliwarudisha vijana kwa mafunzo ya dini pamoja na dhamana ya familia, na wengi walitulia. Said al-Shihri, aliyetoka Guantánamo, gereza la Marekani la washukiwa wa ugaidi, na kupitia mpango huo, akaibuka kuwa naibu kiongozi wa al-Qaeda katika Rasi ya Uarabuni. Tena pale ambapo wazee wa ukoo ndio wanaogawa ardhi na kuwafunga vijana midomo, kuwapa kazi ya usuluhishi ni kumpa mshtakiwa kiti cha hakimu.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza sheikh atahubiri nini, ningeuliza nani kamteua, nani anamlipa, na kama anaruhusiwa kuuliza hadharani walikopelekwa waliokamatwa. Akikatazwa hilo la mwisho, heri abaki msikitini kwake bila posho ya serikali.