Heshima ya Waliokaa Miezi 27

Malindi ina ukumbusho wa mgeni mpita njia. Nguzo ya Vasco da Gama, ile koni nyeupe ya mawe ya matumbawe yenye msalaba wa jiwe la Ureno kileleni, inamkumbuka nahodha aliyetia nanga hapa mwaka 1498, akapewa na mfalme wa Malindi rubani wa kumfikisha Calicut, kisha akaenda zake. Ni kweli kwamba Wareno walijisimamishia wenyewe, lakini tunaoitunza na kuitoza kiingilio ni sisi. Kwa hiyo anayedai kwamba kumuenzi mgeni si jambo letu ana deni la maelezo kabla hajahoji iwapo wanastahili heshima watu waliojitolea kuja kufundisha na kuhudumu kwa ajili ya amani na urafiki, kama wale wa Peace Corps, shirika la Marekani linalotuma watu wa kujitolea nchi za nje.

Wanaopinga wana hoja zenye uzito. Peace Corps ya Marekani, iliyoanzishwa na Rais John F. Kennedy tarehe 1 Machi 1961, ilizaliwa katikati ya Vita Baridi, na Washington ilikuwa na hesabu zake. Wapo pia wanaouliza kwa nini kijana wa Ohio asifiwe kwa miaka miwili, ilhali wahudumu wa afya ya jamii wa Faza au Magarini wamezunguka nyumba kwa nyumba miaka nenda miaka rudi, wengi wao bila malipo, hadi Serikali Kuu ilipowaletea mpango wa posho mwaka 2023. Swali hilo ni la haki. Tena mwalimu wa kujitolea, aliyehitajika sana katika miaka ya 1960, hawezi kupokelewa vivyo hivyo leo, wakati walimu wetu waliohitimu wanasubiri ajira ya TSC, tume inayoajiri walimu, hadi mvi zinawaota.

Hata hivyo, katika mabishano haya watu wa aina mbili wanachanganywa. Malindi na Watamu zimemzoea mgeni wa wiki mbili: anamlipa wakala, anavaa fulana yenye nembo, anapaka ukuta rangi ambayo fundi wa hapa angeipaka vizuri zaidi, anapiga picha na watoto wa makao, anaondoka. Biashara ya makao ya watoto, ambayo wageni wa namna hiyo ni miongoni mwa wanaoilisha, ilitia shaka kiasi kwamba Novemba 2017 Serikali ilisitisha usajili wa makao mapya. Hasira tuliyo nayo kwa huyu isimwangukie yule wa Peace Corps.

Mtu wa Peace Corps huingia mkataba wa miezi 27, takriban mitatu ya mafunzo na 24 ya kazi, na idadi hiyo inastahili kutafakariwa kuliko inavyofanywa. Anayemaliza muda huo katika mji wa Waislamu hana budi kupitiwa na Ramadhani mbili, pengine tatu. Ataiona kaskazi ikiingia na kutoka mara mbili. Atashikwa na homa na kungoja maji yajae ndipo boti iondoke. Atajua duka lipi linakopesha, na kwamba mzee haamkiwi kwa “jambo”. Wiki mbili zinatosha kuwahurumia watu. Miezi 27 inatosha kuudhiana nao, kuombana radhi na kualikana arusini. Na kwa kuwa posho yake ilikadiriwa imwezeshe kuishi kama majirani zake, hakuweza kuwa mfadhili wa mtaa. Aliazima sufuria kama wengine.

Ndiyo maana siielewi lawama ya kwamba “walikuja kujifunza wao”. Hilo halikufichwa: lengo la tatu la shirika hilo ni kuwafanya Wamarekani wazielewe vizuri zaidi jamii nyingine. Zaidi ya 5,000 walihudumu Kenya kabla ya shirika lao kuamua kwa sababu za usalama, Julai 2014, wiki chache baada ya mauaji ya Mpeketoni, Lamu, kwamba waondolewe nchini. Kila aliyerudi kwao alirudi akiwa na majibu yake mwenyewe kuhusu Kenya, ambayo hayakutoka kwenye habari za ugaidi na njaa.

Januari mwaka huohuo, Marekani ilipitisha sheria ya kuruhusu ukumbusho wa Peace Corps mjini Washington, bila fedha za Serikali. Hiyo ni heshima ya mtu kujipa. Inayonivutia zaidi ni ile waliyopewa Wajapani wa JOCV, mpango wa Japani wa kutuma watu wa kujitolea ng'ambo ulioanzishwa mwaka 1965, waliotunukiwa Tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo ya heshima ya Asia, mwaka 2016 huko Manila, Ufilipino, nchi ambayo yenyewe imewapokea.

Kwetu sioni haja ya mnara. Ubao katika shule husika unatosha, wenye majina yao pamoja na ya familia zilizowapa chumba na walimu waliofundisha nao kwa mshahara mdogo. Hapo yule mhudumu wa Faza naye atakuwa na hoja ya kudai ubao wake zahanati. Lakini majina hayo yamo katika madaftari ya zamani yanayoliwa na mchwa, na aliyekuja mwaka 1965 akiwa na miaka 22 sasa amepita 80.