Msukumo Tumeupata, Kelele Bado

Juzi nilionyeshwa picha ya simulesheni ya propela, yaani hesabu ya kompyuta inayoiga hewa inavyopita. Nyekundu kwenye ncha, bluu katikati, na nyuma yake hewa imejisokota kama kamba. Aliyeichora alikuwa anajivunia kwamba muundo wake mpya una kelele ndogo. Nikamuuliza swali moja tu: kwa kila hatua ya hesabu, propela inazunguka digrii ngapi? Kumbe hesabu yenyewe haikuwa na hatua za muda. Propela imesimama, hewa ndiyo inayozungushwa, na kati ya mapanga matatu limechorwa moja.

Sina ugomvi na njia hiyo katika kazi yake. Ukitaka kujua msukumo na nguvu itakayodaiwa kwa injini, panga moja linatosha, maana mengine ni nakala tu. Kompyuta ya kawaida inamaliza kwa saa chache. Nimeitumia mara nyingi, na majibu yakakaribiana vizuri na yale ya kwenye benchi la majaribio. Ila imani hiyo watu wanaibeba nzimanzima na kuihamishia kwenye sauti, na hapo ndipo tunapouziana mbuzi kwenye gunia.

Sauti ni kitu kidogo mno. Desibeli 94, kiasi cha kumfanya mtu apige kelele ndipo asikike, ni paskali 1 (kipimo cha shinikizo). Hewa ya kawaida inatukandamiza kwa paskali 101,325. Kosa la hesabu ambalo halitikisi jibu la msukumo hata chembe linaweza kuwa kubwa kuliko sauti yote unayoitafuta.

Halafu kuna suala la muda. Chukua propela ya mapanga mawili inayozunguka mara 2,400 kwa dakika. Mngurumo wake mkuu ni Hz 80 (mitetemo 80 kwa sekunde), na mzunguko mmoja unachukua sekunde 0.025. Hesabu ikienda kwa hatua ya digrii moja, kila hatua ni kama mikrosekunde 69 (sehemu 69 za milioni za sekunde). Kwa mngurumo ule hiyo ni anasa, kwa sababu kila wimbi linapata hatua 180. Lakini ule mvumo mwembamba wa Hz 5,000, unaosikika kama kitambaa kinachochanwa, wimbi lake linakwisha kwa mikrosekunde 200. Unabaki na nukta tatu za kulichorea, na hakuna mtu anayechora wimbi kwa nukta tatu. Urefu wake hewani haufiki sentimita 7, kwa hiyo seli za meshi (ule wavu wa vijisehemu ambamo kompyuta inapigia hesabu) zikiwa nene linayeyuka njiani. Ndiyo maana hatuisafirishi sauti hadi mbali ndani ya meshi. Tunakusanya shinikizo kwenye uso wa mapanga, kisha mlinganyo wa Ffowcs Williams na Hawkings wa mwaka 1969 unaibeba hadi kwa msikilizaji. Ni mbebaji mwaminifu: usichomkabidhi hakileti.

Na kuna kitu ambacho hesabu ya panga moja haiwezi kumkabidhi mbebaji huyo kabisa. Propela halisi haili hewa iliyonyooka. Ndege ikiinua pua, panga linaloshuka linabeba mzigo mkubwa kuliko linalopanda. Propela ikiwekwa nyuma ya bawa, kila panga linapita kwenye hewa iliyokwisha kuchafuliwa, linapigwa kofi kila linapopita. Makofi hayo ni kelele. Msukumo wa wastani hauyaoni.

Mwaka 1936 mtafiti wa Kisovieti Gutin alikwisha kuonyesha, bila kompyuta, kelele inayotokana na mzigo usiobadilika kwenye panga. Kelele hiyo inashuka kwa kasi sana ukipunguza mwendo wa ncha na kuongeza mapanga. Habari njema, sivyo? Lakini fikiria kinachobaki: makofi, msukosuko, mvumo wa ukingo wa nyuma wa panga. Yaani yaleyale ambayo hesabu rahisi imeyaacha nje. Kwa hiyo hesabu hiyo inafanya vizuri kwenye propela yenye makelele na kuharibu kwenye ile tulivu, ambayo ndiyo tunayoitafuta. (Kuhusu makelele, ndege ya majaribio ya Marekani XF-84H ya mwaka 1955 ilikuwa na propela ambayo ncha zake zilipita kasi ya sauti. Mafundi waliokuwa ardhini waliugua kwa kelele hizo. Pale hata hesabu ya kitoto ingekuonya.)

Mimi ningependa kila anayeonyesha picha ya rangi atuambie pia ukubwa wa hatua ya muda, idadi ya mapanga yaliyochorwa, na kama ndege yenyewe ilikuwemo kwenye meshi. Kama haikuwemo, aseme msukumo, anyamaze kuhusu kelele.

Usiku huu nimewasha upya propela yangu iliyo nyuma ya bawa, mapanga yote, robo digrii kwa hatua. Itachukua siku kadhaa, na feni za kompyuta zinavuma hadi nimehamia chumba kingine.