Kabla ya Kupokea Ripoti

Usiku mmoja hapa Dallas, Texas, Marekani, ninakofanya kazi ya uuguzi, nilipangiwa wagonjwa wanane. Wawili walikuwa wametoka kupasuliwa jioni ile ile, mmoja yuko kwenye dripu ya hepari, dawa ya kuzuia damu kuganda, na msaidizi wa wodi hajafika. Nilimwambia msimamizi wa zamu kwamba wanane siwawezi. Akanijibu kwa upole kuwa hana mtu mwingine. Nikapokea ripoti, yaani nikakabidhiwa wagonjwa na muuguzi wa zamu iliyotangulia. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu, lakini mzee mmoja alingoja dawa ya maumivu saa mbili nzima, na sauti yake akiniita bado ninayo masikioni.

Sisi wauguzi tuliotoka Kenya tunaambizana kwamba ukikataa, umemtelekeza mgonjwa na leseni imekwenda. Si kweli, na maneno haya yanatuumiza. Kumtelekeza mgonjwa ni kumpokea, kisha ukaondoka bila kumkabidhi kwa mwenzako. Kabla ya hapo una haki ya kusema. Texas ina kinga iitwayo Safe Harbor: unaandika, kabla ya kuanza au hali ikibadilika katikati ya zamu, kwamba kwa imani yako kazi uliyopewa inaweza kukufanya uvunje wajibu wako kwa mgonjwa. Kamati ya wauguzi hulipitia suala hilo. Ukifanya hivyo kwa nia njema leseni yako inalindwa, na mwajiri amekatazwa kulipiza kisasi.

Amekatazwa, ndiyo. Lakini Texas mwajiri anaweza kukuachisha kazi bila kutaja sababu, na kisasi hakiji na barua. Zamu zinapungua. Kila usiku unahamishiwa wodi usiyoijua. Aliyeletwa na wakala, akatia saini kulipa maelfu ya dola akiacha kazi mapema, na nyumbani wanangoja karo ya Januari, nitamwambiaje ajitoe mhanga peke yake?

Ndiyo maana nataka idadi ya juu ya wagonjwa kwa kila muuguzi iandikwe katika sheria. California waliipitisha yao mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004. Leo huko muuguzi wa wodi ya kawaida hapewi zaidi ya wagonjwa watano, na wa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, wawili. Sheria imeshakataa kwa niaba yake. Texas hatuna idadi hiyo.

Kwa sasa fomu ya Safe Harbor hukaa mkobani mwangu. Nimeijaza mara mbili. Ya kwanza, wiki iliyofuata zamu zangu mbili zilifutwa. Ya pili, alipatikana muuguzi kutoka wodi ya jirani, nikabaki na sita.