Treka Inafuata Mashine, Wavuvi Wanabaki Majini

Ukikaa mialoni, kwenye vituo vya kupokelea samaki vya Ziwa Victoria, iwe Mwanza, Ukerewe au visiwa vya Muleba, hukosi kusikia hoja hii: kila mashine ya boti ifungwe treka, yaani kifaa cha GPS cha kuonyesha ilipo, na mvuvi atakayeikataa ahesabiwe kuwa ana lake na majambazi. Nusu ya kwanza ya hoja ina uzito wake. Nusu ya pili ni dhuluma kwa watu wanaolala majini ili sisi tule sangara, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Wenye vyombo wana malalamiko ya kweli. Mwenye chombo huitwa tajiri hata kama mashine kaichukua kwa mkopo wa wakala wa samaki, na mkopo huo hausimami mashine ikiibiwa. Majambazi huja usiku, boti ikiwa imetulia kwenye nyavu. Wanachukua mashine, mafuta, nyavu, simu, na wakikuta mabondo, vibofu vya sangara vinavyouzwa ghali, wanayachukua pia. Mtumbwi mara nyingi wanauacha, kwa sababu mbao ni nzito na namba za usajili zimeandikwa ubavuni. Mashine ya HP 15 imebanwa nyuma ya boti kwa skrubu mbili za kuzungusha kwa mkono, na watu wawili wanaibeba. Ikifika ng'ambo inabadilishwa kava, namba inasuguliwa kwa tupa, inauzwa. Tajiri anabaki na RB, namba ya ripoti ya polisi, mfukoni na deni kwa wakala.

Mtu huyo ukimwambia kuna kifaa cha ukubwa wa kiberiti chenye laini ya simu, kitakachomwonyesha kwenye simu yake mashine ilipo, ataona umemletea dawa. Ameshaona wenye bodaboda wakirudishiwa pikipiki zao kwa njia hiyo. Kuna na jambo jingine ambalo matajiri hulisema kwa sauti ya chini: wapo wavuvi wanaouza samaki majini kwa boti nyingine na kufika mwaloni na nusu ya mvuo, au wanaouza petroli kisha kudai ilitumika. Hata mvuvi mwaminifu anaweza kunufaika. Leo mashine ikiibiwa, wa kwanza kushukiwa ni waliokuwa nayo, na wengine wamewekwa mahabusu kwa shaka tu. Kumbukumbu ya treka inayoonyesha boti ilikuwa wapi saa nane usiku inaweza kumtoa mtu mahabusu.

Hayo nayakubali. Ila kifaa chenyewe hakifanyi kazi kama kinavyosifiwa. GPS inapokea tu mawimbi ya setilaiti na kukokotoa mahali ilipo. Ili tajiri apate habari hiyo, lazima itumwe, na treka za bei nafuu hutuma kupitia minara ya simu. Mawasiliano ya kawaida ya 2G yana kikomo cha kama kilomita 35 kutoka mnarani, hata kama hakuna kizuizi chochote njiani. Ziwa hili lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na sangara wa maana hawako karibu na minara. Isitoshe, mashine nyingi za wavuvi huwashwa kwa kuvuta kamba. Hazina betri ya kulisha kifaa kama pikipiki ilivyo, kwa hiyo treka inaishi kwa betri yake ndogo, chini ya kava, kwenye joto, mtikisiko na maji. Ili betri idumu, inapangwa itume habari mara chache kwa siku, na kati ya ujumbe mmoja na mwingine jambazi ameshavuka mpaka.

Simu ndiyo usiitegemee kabisa. Wavuvi huzifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuzitia ndani ya kopo zisilowe, na majambazi wanalijua kopo hilo kama wanavyoijua mashine. Hata simu ikipona, kampuni ya simu itaweza tu kukadiria iliko kwa kutazama minara iliyoisikia. Mjini minara inaizunguka simu pande zote. Ziwani yote iko upande mmoja, ufukweni, na duara la makisio linakuwa pana mno kwa mtafutaji mwenye boti moja.

Lakini tuseme yote yamekwenda vizuri: mnara upo, betri ina chaji, na tajiri anaamka alfajiri na kuona alama nyekundu kwenye ramani inaelekea kaskazini. Alama ile ni mashine. Wavuvi wake wako wapi? Walibaki pale ilipofunguliwa, ndani ya mtumbwi usio na mashine, pengine na makasia, pengine bila, simu zimechukuliwa, upepo unawasukuma. Kwenye ziwa hili dhoruba kubwa hupenda kuja usiku, pale pepo za nchi kavu zinapokutana katikati ya maji. Tumefunga kifaa cha kuokoa, tukakifunga kwenye kitu ambacho jambazi anaondoka nacho. Kila dakika inayopita alama inasogea mbali na watu, na macho ya kila mtu mwaloni yanaifuata.

Idadi inayorudiwa sana ni ya watu 5,000 wanaokufa kila mwaka katika ziwa zima. Ni makadirio, si orodha ya majina, na ndani yake wamechanganywa waliokumbwa na dhoruba, waliozama kwenye mitumbwi iliyojazwa kupita kiasi, na walioachwa na majambazi wakielea. Mashine ikiibiwa inaandikwa kituoni kwa jina la mtengenezaji, nguvu yake na namba yake. Mvuvi aliyetoka wilaya nyingine, anayejulikana kambini kwa jina la utani tu, anaweza kupotea na asitokee wa kumwandikisha. Tunaweza kuhesabu mashine zilizoibiwa kwa kufungua vitabu vya polisi. Watu waliokuwa nazo tutawahesabia kitabu gani? Na uwezo wetu wa kuokoa si wa kujivunia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa, na usiku ulipoingia uokoaji ukasitishwa hadi asubuhi. Kama ni hivyo mbele ya gati, anayeelea maji makuu bila mtu kujua yuko upande gani atafikiwa vipi?

Kwa hiyo mvuvi anaposema hataki treka, tumsikilize kabla ya kumwita mwizi. Anajua kitakachotafutwa kwanza.

Ana sababu nyingine pia. Jiwe au mkondo unaotoa sangara ni siri iliyotafutwa kwa miaka, na nahodha anayeijua ndiye mwenye thamani. Treka inaihamisha siri hiyo kutoka kichwani mwake hadi kwenye simu ya tajiri, ambaye kesho anaweza kumpa chombo nahodha mwingine wa bei nafuu. Kisha kuna swichi ya kuzima. Waliozoea bodaboda wanataka treka inayoweza kuzima mashine kutoka mbali. Pikipiki ikizimwa, mwizi anabaki kando ya barabara. Boti ikizimwa katikati ya mawimbi inageuka ubavu na kupigwa, na aliyebonyeza yuko kitandani hajui ndani yake nani anaendesha. Swichi hiyo isiruhusiwe kwenye boti hata moja.

Na kuna hofu ya serikali. Wavuvi hawajasahau Operesheni Sangara, msako wa uvuvi haramu wa mwaka 2018, nyavu zilivyochomwa moto na faini zilivyotozwa. Upande wa Uganda jeshi liliingizwa ziwani mwaka 2017, na boti zisizofikia futi 28 zikateketezwa. Ugomvi wa Kenya na Uganda juu ya kisiwa cha Migingo umewafundisha wote kwamba ukiteleza mita chache kuvuka mstari usioonekana unaweza kulala korokoroni. Sangara hana pasipoti, na mvuvi humfuata. Kumbukumbu ya njia zake zote akimkabidhi mtu mwingine, amejitengenezea ushahidi. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililoelezwa. Anayefunga treka chini ya kava usiku wavuvi wasijue hajaeleza lengo lolote.

Halafu nani atakwenda? Ramani ikionyesha mashine iko kisiwani ng'ambo ya mpaka, polisi wa Mwanza hawawezi kuvuka hivi hivi, na tajiri mwenye hasira anakodi boti na vijana. Majambazi wana silaha. Na nukta ya GPS, hata ikiwa nzuri, hukosea kwa mita kadhaa. Mashine ikifichwa chini ya mabati, kifaa kinaweza kurudi kwenye makisio ya mnara. Katika kambi ambayo vibanda vimebanana ukuta kwa ukuta, mita kadhaa ni familia nyingine. Kelele ya mwizi ikishapigwa hakuna anayeuliza kibanda cha nani.

Hata hivyo sisemi treka zitupwe. Nasema kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, kifungwe kwenye mtumbwi, si kwenye mashine. Najua tajiri atashangaa: mtumbwi hauibiwi, anunue kifaa cha kulinda kisichoibiwa? Lakini mtumbwi ndio unaobaki na watu. Pale una nafasi ya kifaa kikubwa kidogo chenye sola yake, kisichotegemea betri ya kiberiti. Boti iliyokuwa ikitembea ikianza kuelea kwa mwendo wa upepo, ramani inaonyesha saa na mahali. Na wavuvi wakifikiwa mapema wanakuwa mashahidi: wameiona boti ya majambazi, wamesikia lafudhi yao, wanajua walielekea wapi. Nahodha aliyefikiwa baada ya saa tatu atakusaidia kuipata mashine kuliko nukta iliyokatika mpakani. Fedha ikitosha viwili, kimoja kikae mtumbwini na kingine kwenye mashine, na vikianza kuachana ujumbe utoke wenyewe, ukitaja kwanza pale vilipoachana.

Kwa wanaovua mbali na minara, kuna vifaa vya dharura vya mfumo wa Cospas-Sarsat, ulioanza kuokoa watu mwaka 1982. Vinatuma ishara moja kwa moja kwenye setilaiti bila laini wala ada ya mwezi. Bei yake ni mamia ya dola, na mvuvi mmoja haimudu, ila chama cha ushirika kinaweza kuvinunua vichache na kuvigawa zamu kwa boti zinazokwenda mbali. Mradi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mawasiliano na usafiri wa Ziwa Victoria umeichagua Mwanza iwe na kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji, na ishara za namna hiyo ndizo kituo kama hicho kinapaswa kuzipokea.

Ujumbe wa kwanza pia usiende kwa tajiri peke yake. Uende kwa BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, na kwa boti zilizo karibu, kwa sababu ziwani anayekuokoa ni mvuvi mwenzako aliyetega nyavu jirani. Njia za kila siku zibaki zimefungwa, zifunguliwe tu boti ikichelewa kurudi au ishara ya hatari ikitoka, nahodha na tajiri wakiwa wamekubaliana hivyo tangu mwanzo.

Tena gharama ya treka anailipa nani? Mialo mingi hutoa kwanza gharama za safari, petroli, barafu na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi. Bando la treka likiingizwa kwenye gharama hizo, kila baharia anakatwa sehemu yake kabla hajagusa mgao. Anayekilipia kifaa ana haki ya kuiona ramani yake, ya kujua ujumbe unakwenda kwa nani, na ya kusema kifungwe wapi kwenye boti anayolala ndani yake.